Namna ya Kuwapambanisha Wanafalsafa wa Uhuru

Swali huja kwa sura ileile kila mwaka: linganisha mawazo ya Locke na Rousseau kuhusu uhuru na serikali ya uwakilishi. Jibu nalo lina sura yake. Ukurasa wa Locke, ukurasa wa Rousseau, halafu aya ya mwisho inayosema kuwa wawili hao wanafanana katika mambo fulani na kutofautiana katika mengine. Mhadhiri anatoa alama za wastani, na mwanafunzi haoni alipokosea, maana kila alichoandika ni kweli. Alichofanya ni kuandika taarifa mbili na kuzibana pini. Hakuna mahali Locke alipombana Rousseau, wala Rousseau alipomjibu Locke.

Mbinu inayofuata inamfaa mwanafunzi wa chuo na wa kidato cha sita, anayejiandaa kwa mdahalo, na msomaji yeyote anayejiuliza kwa nini watu wanaousifu uhuru kwa sauti moja hawaelewani kuhusu kazi ya mbunge. Msingi wake ni huu: usilinganishe uhuru peke yake, wala uwakilishi peke yake. Linganisha kiungo kilicho kati yao. Mwanafalsafa akishasema uhuru ni nini, ameshajifunga kuhusu mbunge ni nani, anamtumikia nani, na wananchi wana haki ya kumfanya nini. Ugomvi wenyewe uko hapo.

1. Chagua wachache, tena kwa sababu

Wawili wanatosha kwa insha ya kurasa tano. Ukiwaita saba, kila mmoja atapata sentensi mbili na hakuna atakayesema la maana. Tafuta jozi yenye ugomvi wa kweli. Hizi hapa chache, pamoja na kurasa za kuanzia:

- Thomas Hobbes na John Locke. Kwa Hobbes, soma sura ya 16 na ya 21 za *Leviathan* (1651). Kwa Locke, soma ile Risala ya Pili ya Serikali (1689), sura ya 4, ya 11 na ya 19.
- Jean-Jacques Rousseau na Edmund Burke. Kwa Rousseau, chukua *Mkataba wa Jamii* (1762), kitabu cha kwanza sura ya 6 hadi ya 8, na kitabu cha tatu sura ya 15. Kwa Burke, hotuba aliyowapa wapiga kura wa Bristol tarehe 3 Novemba 1774.
- Rousseau na Benjamin Constant. Constant alitoa mhadhara wake jijini Paris mwaka 1819, akitofautisha uhuru wa watu wa kale na ule wa watu wa zama zake.
- James Madison na John Stuart Mill. Kwa Madison, makala za *Federalist* namba 10 na 51. Kwa Mill, sura ya kwanza ya kitabu chake cha uhuru (1859), kisha sura ya 5, ya 7, ya 8 na ya 12 za kitabu chake cha serikali ya uwakilishi (1861).

Soma kurasa hizo zenyewe kabla ya vitabu vinavyozieleza. Nyingi ni fupi kuliko unavyodhani: sura ya Rousseau kuhusu wawakilishi na hotuba ya Burke unaweza kuzimaliza jioni moja.

2. Jaza nafasi tatu za uhuru

Wote wanautaka uhuru, kwa hiyo kuandika kwamba "wote wanaupenda uhuru" hakumwambii msomaji chochote. Mwaka 1967 mwanafalsafa wa Marekani, Gerald MacCallum, alipendekeza njia nyepesi ya kuwatofautisha. Kila dai la uhuru, alisema, lina nafasi tatu: nani aliye huru, yuko huru dhidi ya kizuizi gani, na yuko huru kufanya au kuwa nini. Chora jedwali daftarini na ulijaze kwa kila mmoja.

Kwa Hobbes, aliye huru ni mtu mmoja mmoja. Kizuizi ni kitu cha nje kinachomzuia asitende, kama mnyororo au ukuta. Hofu haimo. Abiria anayetupa mzigo wake baharini ili chombo kisizame ametenda kwa hiari yake, hata kama anatetemeka. Ndiyo maana Hobbes aliwacheka watu wa Lucca, huko Italia, walioandika neno la uhuru kwenye minara ya mji wao. Mkazi wa jamhuri ya Lucca, alidai, hana uhuru zaidi ya mkazi wa Konstantinopoli chini ya sultani. Wote wawili wanatii sheria, na uhuru wao uko pale tu sheria iliponyamaza.

Kwa Locke, kizuizi ni matakwa ya mtu mwingine asiyefungwa na sheria yoyote. Sheria inayojulikana, inayomhusu kila mtu na iliyotungwa na chombo ambacho watu wamekiridhia, haipunguzi uhuru. Inaulinda.

Kwa Rousseau, aliye huru ni raia akiwa sehemu ya umma mzima. Kizuizi ni kumtegemea mtu mwingine, au kutawaliwa na tamaa zake mwenyewe. Cha kufanya ni kuitii sheria aliyojitungia.

Kwa Mill, aliye huru ni mtu mmoja mmoja tena, lakini orodha ya vizuizi imepanuka. Serikali imo, na majirani, mila na maoni ya wengi vimo pia. Cha kufanya ni kuishi na kukua kwa namna yake, mradi hawadhuru wengine.

Jedwali hili litakuepusha na njia ya mkato inayotumiwa mno. Mwaka 1958, katika mhadhara wake wa Oxford, Isaiah Berlin aligawanya uhuru katika aina mbili: uhuru hasi, yaani kutoingiliwa, na uhuru chanya, yaani kujitawala. Wanafunzi wengi humweka Rousseau upande mmoja na wengine wote upande wa pili, wakafunga daftari. Lakini Locke hakai vizuri humo, kwa sababu anasema pasipo sheria hakuna uhuru, na Hobbes asingeweza kulisema hilo. Quentin Skinner na Philip Pettit, mwishoni mwa miaka ya 1990, walionyesha kuwa kuna uhuru wa namna nyingine: kutokuwa chini ya bwana, hata bwana huyo akiwa mpole. Mtumwa asiyepigwa bado ni mtumwa, kwa kuwa fimbo iko mkononi mwa mwingine. Locke husomeka vizuri zaidi kwa mwanga huo, na Mary Wollstonecraft, tutakayemkuta katika hatua ya sita, vilevile.

3. Tafuta alichokiogopa

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wanafalsafa hawa hawakuandika wakiwa hewani. Kila mmoja alikuwa na jeraha lake, na jeraha hilo ndilo linaloeleza kwa nini alitilia mkazo jambo fulani na kulipuuza jingine.

Hobbes aliandika *Leviathan* akiwa uhamishoni Paris, wakati Uingereza ikichinjana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa Januari 1649, miaka miwili kabla ya kitabu kutoka. Alichokiogopa ni mamlaka kugawanyika. Locke alikimbilia Uholanzi mwaka 1683 na kurejea nyumbani mwaka 1689, mfalme James wa Pili alipokwisha kung'olewa. Alichokiogopa ni mfalme anayejiona yuko juu ya sheria. Madison aliona mabunge ya majimbo ya Marekani yakiendeshwa na wengi wenye pupa, na mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts waliolemewa na madeni wakashika silaha. Alichokiogopa ni kundi moja, hasa kundi la wengi, kuwakandamiza wengine kwa njia ya kura. Constant aliandika baada ya mauaji ya Mapinduzi ya Ufaransa, na baada ya kupita katika utawala wa Napoleon. Mill aliishi katika nchi tulivu yenye biashara kubwa, na baada ya kumsoma Alexis de Tocqueville akaogopa kitu kisicho na bunduki: watu wote kufikiri sawa.

Andika hofu hiyo kwa mstari mmoja chini ya kila jina. Isigeuke kuwa wasifu. Mwaka wa kuzaliwa na jina la shule havikusaidii.

4. Funga kiungo kwa sentensi moja

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Kwa kila mwanafalsafa, kamilisha sentensi hii: *Kwa sababu uhuru ni …, mwakilishi anapaswa …, na wananchi wanaweza au hawawezi ….* Sentensi ikikataa kukamilika, hujamwelewa bado. Rudi kwenye kurasa.

Hobbes: kwa sababu uhuru ni kutozuiwa tu, na kizuizi kibaya kuliko vyote ni vita, mwakilishi anapaswa kuwa na mamlaka yote, na wananchi hawawezi kumshtaki. Angalia anavyofika hapo. Umati wa watu, anasema, hauwi kitu kimoja mpaka umpate mmoja wa kuusemea. Wakishamwidhinisha, awe mfalme au baraza, matendo yake yote ni matendo yao. Kumlaumu ni kujilaumu. Watu wengi hushangaa kukuta kwamba aliyelitia neno la uwakilishi katikati ya falsafa ya dola ni mtetezi wa mamlaka yasiyo na mpaka. Lisiachwe jambo hili katika insha yako. Linathibitisha kwamba kuwa na mwakilishi na kuwa na demokrasia ni mambo mawili.

Locke: kwa sababu uhuru ni kutokuwa chini ya matakwa ya mtu asiyefungwa na sheria, bunge linapaswa kutawala kwa sheria za kudumu na lisitoze kodi bila ridhaa, na wananchi wanaweza kuliondoa likivunja amana waliyolikabidhi. Locke aliliona pia tatizo la majimbo yasiyolingana. Alitaja mji uliobaki jina tu, hata magofu hayapo, wenye mkazi mmoja mchunga kondoo, lakini unapeleka bungeni wajumbe sawa na wilaya nzima yenye watu na mali.

Rousseau: kwa sababu uhuru ni kutii sheria uliyojitungia, hakuna mtu anayeweza kukutungia sheria kwa niaba yako, na wananchi wanapaswa kukutana na kuzipitisha wenyewe. Waingereza, kwa maoni yake, wako huru siku ya uchaguzi tu. Kura zikishahesabiwa wanarudi utumwani.

Madison: kwa sababu uhuru ni haki za kila mtu kuwa salama dhidi ya makundi, wawakilishi wanapaswa kuyachuja maoni ya umma, katika nchi kubwa yenye makundi mengi kiasi kwamba hakuna moja linaloweza kuyameza mengine. Kile ambacho Rousseau anakiona kasoro, yaani umbali kati ya raia na sheria, Madison anakiona dawa.

Constant: kwa sababu watu wa zama zake wanautaka kwanza uhuru wa maisha yao binafsi, kazi zao, dini zao na mali zao, hawana muda wa kukaa uwanjani kutunga sheria kama Waathene wa kale. Wanawakabidhi wengine kazi hiyo. Lakini wasipowachunguza na kuwabadilisha, watazama katika starehe zao na kupoteza uhuru wote, ule wa nyumbani na ule wa uwanjani.

Mill: kwa sababu uhuru ni kukua kwa akili na hulka, uwakilishi unapaswa kuwa shule ya raia na mahali ambapo kila fikra ina msemaji. Bunge lisijaribu kuendesha serikali. Kazi yake ni kuisimamia, kuihoji, na kuwa baraza la malalamiko ya taifa. Kwa sababu hiyohiyo alitetea uwiano wa kura aliouchora Thomas Hare, ili walio wachache nao wawe na kiti.

Sasa soma sentensi zako mbili kwa pamoja. Ugomvi utauona bila kuutafuta.

5. Wape kesi moja waihukumu

Sentensi hizo zinahitaji kupimwa kwa jambo lililotokea. Iko kesi iliyokamilika kuliko nyingi, nayo ni ya Bristol.

Mwaka 1774 mji huo wa bandari, uliotajirika kwa biashara ya ng'ambo, ikiwemo ya watumwa, ulichagua wabunge wawili. Wa kwanza, Henry Cruger, mfanyabiashara mzaliwa wa New York, aliwaambia wapiga kura kwamba wana haki ya kumpa maelekezo. Wa pili, Burke, alisimama baada yake akakataa. Matakwa yenu, alisema, yatakuwa na uzito mkubwa kwangu, na raha yangu nitaitoa kwa ajili yenu. Lakini busara yangu sitaitoa. Bunge kwake lilikuwa baraza la taifa moja lenye maslahi mamoja. Halikuwa mkutano wa mabalozi wanaovutana.

Aliyasema na akayatenda. Mwaka 1778 aliunga mkono kulegezwa kwa vikwazo vya biashara ya Ireland, na wafanyabiashara wa Bristol walioogopa ushindani wakakasirika. Aliunga mkono pia nafuu kwa Wakatoliki, katika nchi ambayo mwaka 1780 ilishuhudia ghasia kubwa za kuwapinga jijini London. Septemba mwaka huohuo alirudi Bristol, akawaeleza wapiga kura kwa nini alifanya alivyofanya, akaona hatashinda, akajitoa. Alirejea bungeni kupitia jimbo dogo la Malton, ambako kiti kilikuwa mikononi mwa rafiki yake, Lord Rockingham.

Waite mmoja mmoja watoe hukumu. Hobbes hatamjali Burke wala wapiga kura wake. Atauliza nani ana neno la mwisho nchini. Rousseau atasema kesi yote ni ushahidi wake: kwa miaka sita watu wa Bristol walitawaliwa na akili isiyo yao. Madison atampongeza Burke kwa kuyachuja maoni ya wafanyabiashara wenye maslahi, lakini hatafurahia Malton, kwa kuwa kinga yake ilitegemea pia chaguzi za mara kwa mara ambazo hakuna bwana anayezimiliki. Locke naye ataishangaa Malton, ndugu wa ule mji wa mchunga kondoo. Constant atawasifu wapiga kura: walimkabidhi mtu kazi, wakamwangalia, wakamwachisha. Mill atakuwa upande wa Burke kwa tahadhari, kwani aliandika kwamba mbunge asidaiwe ahadi za kumfunga, ingawa wapiga kura wana haki ya kujua msimamo wake na kumkataa iwapo tofauti zao ni za msingi. Aliyaishi hayo. Alipogombea Westminster mwaka 1865 alikataa kutumia fedha zake kwenye kampeni na akasema hatashughulikia mambo ya mtaani kwao. Walimchagua, kisha wakamwangusha mwaka 1868.

Hapo umepata kitu ambacho taarifa mbili zilizobanwa pini haziwezi kukupa. Rousseau na Constant, wanaogombana kuhusu kila kitu, wanakutana katika kuwapa wapiga kura wa Bristol haki yao. Madison na Mill wanamtetea Burke kwa sababu mbili tofauti: mmoja anaogopa maslahi, mwingine anaithamini akili.

6. Uliza nani amebaki nje

Kila nadharia ya uwakilishi ina mlango, na kuna watu walioachwa nje. Usiishie kutaja kuwa mwanafalsafa fulani alikuwa mnafiki. Uliza swali lenye faida zaidi: kuwaacha watu hao nje kunatokana na nadharia yake, au kunaipinga?

Locke alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi, na alikuwa katibu wa wamiliki wa koloni la Carolina lilipopata katiba ya mwaka 1669, iliyompa kila mtu huru mamlaka kamili juu ya mtumwa wake Mweusi. Weka hilo mbele ya Risala yake, isemayo kuwa hakuna binadamu anayeweza kujiweka chini ya mamlaka kamili ya mwingine. Yeye aliruhusu utumwa kwa mateka wa vita vya haki tu, na mtoto wa mtumwa hakumhesabu kuwa mateka. Hapa matendo yanaipinga nadharia.

Kwa Mill ni vingine. Alifanya kazi East India Company tangu 1823 hadi 1858, na ndani ya kitabu chake cha uhuru aliandika kwamba kanuni yake haiwahusu watu wa jamii alizoziita changa. Sababu yake ilikuwa ileile ya kukua kwa akili: asiyefikia kiwango fulani anahitaji mlezi. Kura za ziada alizopendekeza kwa wenye elimu zilitoka chungu hichohicho. Hapa kuwaacha watu nje kumeota kwenye nadharia yenyewe, na kuling'oa jambo hilo si kazi nyepesi. Papo hapo, mwaka 1867, alipendekeza bungeni wanawake wapewe kura kwa masharti sawa na wanaume. Wabunge 73 walimuunga mkono, 196 wakampinga.

Wollstonecraft alishaligusa hilo mwaka 1792, alipodokeza kuwa wanawake nao wanastahili wawakilishi badala ya kutawaliwa bila sauti. Hoja yake haikuhitaji nadharia mpya. Ilitosha kuichukua hofu ya Locke ya kuwa chini ya matakwa ya mwingine, na kuiingiza ndani ya ndoa.

7. Epuka mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni kumfanya Rousseau apinge kila aina ya uchaguzi. Alichokataa ni kuwakilishwa katika kutunga sheria. Katika kuzitekeleza aliona serikali bora ni ya wachache waliochaguliwa. Na alipoishauri Poland, nchi kubwa isiyoweza kukusanyika uwanjani, alikubali wajumbe, mradi wabadilishwe mara kwa mara, wafuate maelekezo ya waliowatuma, na watoe hesabu warudipo.

Mtego wa pili ni kusoma maneno ya Madison kwa masikio ya leo. Anaposema demokrasia ina hatari zake, anazungumzia mji mdogo ambao raia hukusanyika na kujitawala wenyewe. Serikali ya wawakilishi aliiita jamhuri. Ukilisahau hilo utaandika kwamba aliupinga uchaguzi.

Mtego wa tatu ni kugawa dunia katika wabunge watumwa na wabunge wababe. Hanna Pitkin, katika utafiti wake wa mwaka 1967, alionyesha kuwa mwakilishi asiyesikiliza kabisa ameacha kuwakilisha, na anayerudia tu alichoambiwa naye amekuwa kipaza sauti. Wengi wa wanafalsafa wako katikati, na insha nzuri inasema kila mmoja yuko umbali gani kutoka kila ncha.

8. Andika kwa hoja, usiandike kwa majina

Aya zako zisiitwe "Locke" na "Rousseau". Ziite kwa mambo wanayogombania: kizuizi cha uhuru, nani atunge sheria, namna ya kumwondoa mwakilishi, nani yuko nje. Katika kila aya wote wawili wawepo, na mmoja ambane mwingine. Mfano:

"Locke na Rousseau wanakubaliana kwamba sheria haiui uhuru. Wanaachana wanapoulizwa ni sheria ya nani. Kwa Locke inatosha iwe imetungwa na chombo ambacho watu wameridhia, na ambacho wanaweza kukiondoa kikiwasaliti. Kwa Rousseau ridhaa ya namna hiyo imechelewa: atakayekuja kulalamika baada ya usaliti ameshatii sheria isiyo yake. Lakini Locke ana swali ambalo Rousseau halijibu kwa urahisi. Umma uliokusanyika ukimkosea mtu mmoja, huyo mmoja akimbilie wapi?"

Aya hiyo ina mambo manne: walipokutana, walipoachana, pigo la mmoja, na jibu la mwingine. Ukiandika nne za aina hiyo, hitimisho lako halitakuwa na haja ya kurudia yaliyokwisha semwa. Litasema ni nani kati yao ameshindwa kulijibu swali gani.

9. Ipime kwenye katiba unayoishi chini yake

Zoezi la mwisho halihitaji maktaba. Fungua Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 1 inasema mamlaka yote ni ya wananchi, nao wanaweza kuyatumia moja kwa moja au kupitia wawakilishi waliowachagua. Rousseau na Locke wamekalishwa mkeka mmoja. Ibara ya 104 inawapa wapiga kura haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda wake, jambo ambalo Burke angelipinga kwa hotuba ndefu.

Kisha angalia chama. Nchini Tanzania mgombea ubunge sharti adhaminiwe na chama, na mbunge akikoma kuwa mwanachama anapoteza kiti. Kenya inaruhusu mgombea binafsi, lakini aliyeingia kwa chama akijiuzulu chama hicho, kiti kinakwenda. Katika orodha yetu, Burke alikitetea chama mapema, mwaka 1770, kama watu walioungana kwa kanuni moja wanayoiamini. Rousseau hakutaka makundi ndani ya umma kabisa, na kama lazima yawepo, yawe mengi. Madison naye alitaka yawe mengi. Mwalimu Nyerere, mwaka 1963, alichukua njia ya tatu: chama kimoja kikiwa sawa na taifa zima, alidai, demokrasia ina msingi imara kuliko pale ambapo kuna vyama viwili au zaidi, kila kimoja kikiwakilisha kipande tu cha watu. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 chama chake, TANU, kikasimamisha wagombea wawili karibu kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na kukawa na mawaziri walioanguka. Ndani ya chama kimoja, wapiga kura walifanya kile kilichofanywa Bristol mwaka 1780.

Sasa jiulize: mbunge anayefukuzwa na chama chake kwa kupiga kura kama jimbo lake lilivyotaka, akapoteza kiti, alikuwa mwakilishi wa nani? Kamilisha ile sentensi ya hatua ya nne kwa ajili ya katiba yako, uone nafasi ya kwanza, ile ya uhuru, inajazwa na nini. Ikijazwa na jina la chama, utakuwa umepata hoja ambayo Locke hakuwahi kuulizwa, na insha ambayo hakuna mwenzako darasani aliyeiandika.